"Tren" si treni: kufasiri istilahi za ndege za kivita kutoka Kihispania kwenda Kiingereza

SWALI: Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, naishi Kisauni, Mombasa. Kihispania nilikipata kwa kuongoza watalii, kisha nikakisomea. Sasa mteja amenipa kurasa 60 kuhusu ndege za kijeshi za Uhispania, zikiwemo zile za doria ya Bahari ya Hindi, pamoja na sura moja ya vita vya 1982 baina ya Argentina na Uingereza. Anataka Kiingereza. Nilijaribu programu ya kutafsiri ikanipa "landing train", "star engine" na "the cell was discharged". Naona wazi kuna kasoro, ila neno sahihi silijui, wala sijui nitalijuaje. Nianzie wapi?

JIBU: Kabla hujafasiri hata sentensi moja, zipitie kurasa zote 60 ukitafuta mambo matatu tu: ni ndege gani, ya jeshi la nchi gani, na mwaka gani. Yaandike kwenye jedwali. Kazi hiyo itakula siku nzima na mteja hataiona popote, lakini ndiyo itakayokuamulia maneno. Chukua kitenzi "se lanzó", ambacho hakikosi kwenye maandishi ya aina hii. Rubani wa 1937 alifungua kifuniko, akapanda ukingoni na kujirusha na parachuti. Kiingereza chake ni "bailed out". Rubani wa Phantom, ndege ya jeti, alivuta mpini, kiti kikafyatuka naye juu, huyo "ejected". Kihispania hakikutofautisha. Kinachotofautisha ni ndege, na ndege huijui mpaka uitafute.

Kuitafuta ndege kuna mtego wake, na ndio mkubwa kuliko yote utakayokutana nayo. Jeshi la anga la Uhispania huzipa ndege zake majina yake lenyewe: herufi, nukta, nambari. Herufi C ni "caza", ndege ya kupambana na ndege nyingine. A ni ya mashambulizi, T ya uchukuzi, E ya "enseñanza", yaani mafunzo, P ya doria, D ya utafutaji na uokoaji, H ni helikopta. Herufi huunganishwa pia: HD ni helikopta ya uokoaji. Wamarekani nao wanatumia herufi hizo hizo kwa maana nyingine: C kwao ni mizigo, T ni mafunzo, E ni ndege iliyosheheni vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza akiona C-15 atafikiria ndege ya mizigo, kumbe C.15 ya Uhispania ni Hornet, F/A-18. T.10 si ya wanafunzi, ni Hercules. E.25 haina rada kubwa mgongoni. Ni C-101 Aviojet, ya kufundishia marubani.

Basi mahali pa kwanza ndege inapotajwa, weka jina linalojulikana duniani na useme kwamba Wahispania wanaiita hivi, mathalani: "the F/A-18 Hornet, designated C.15 in Spanish service". Baada ya hapo chagua jina moja ushikamane nalo hadi mwisho. Nukta usiigeuze kistari, maana nukta ndiyo inayomwambia mjuzi kwamba huu ni mtindo wa Uhispania. Orodha ya kuanzia: C.4 ni Messerschmitt 109 pamoja na zile zilizoundwa Uhispania, C.5 Sabre, C.12 Phantom, C.14 Mirage F1, C.16 Eurofighter, T.12 Aviocar, T.19 CN-235, T.21 C-295, T.23 A400M. Kwa sura yako ya Bahari ya Hindi utakutana hasa na P.3, ambayo ni Orion, iliyotumika hadi 2022, na D.4. Hizi ndizo zilizoruka kutoka Jibuti katika Operesheni Atalanta, iliyoanza Desemba 2008 dhidi ya maharamia wa Somalia. Angalia D.4 vizuri: ni CN-235 zile zile zilizokuwa T.19, zikafanyiwa marekebisho ya doria ya baharini. Ukikuta ukurasa mmoja unasema T.19 na mwingine D.4, usidhani mwandishi amekosea, wala usizisawazishe.

Majina ya utani hayafasiriwi. Katika vita vya ndani vya Uhispania, 1936 hadi 1939, ndege ya Kirusi Polikarpov I-16 iliitwa "Mosca" na upande wa Jamhuri, na "Rata" na wafuasi wa Franco. Mosca ni nzi, Rata ni panya. Mwandishi anayeandika Rata anaweza kuwa ananukuu rubani wa upande wa pili, nawe ukiandika I-16 kila mahali umeifuta habari hiyo. Acha Mosca iwe Mosca na Rata iwe Rata, ueleze mara moja tu kwamba ni ndege ile ile. Vivyo hivyo Chato, Katiuska na Buchón.

Sasa tuje kwenye viungo vya ndege. Kwa mtu wa Mombasa hapa pana nafuu, kwa sababu msamiati mwingi wa ndege wa Kihispania ulitoka baharini, na ukiijua jahazi umeshajua nusu ya picha. Mataruma ya jahazi ndiyo "cuadernas" za kiwiliwili cha ndege, mbao zilizopinda zinazolipa tumbo umbo lake, na usukani ni "timón". Ila Kiingereza cha ndege kilijitenga njia panda. "Cuaderna" ya ndege ni "frame". Ukiandika "rib" umekosea, kwa kuwa "rib" ni ya bawa na Kihispania chake ni "costilla". "Timón de dirección" ni "rudder", na "timón de profundidad" ni "elevator". Programu hupenda kuandika "depth rudder", neno ambalo hakuna rubani aliyewahi kulitamka. "Larguero", boriti ndefu, ndilo la hila zaidi: likiwa ndani ya bawa ni "spar", likiwa kwenye kiwiliwili ni "longeron". Sentensi yenyewe mara nyingi haisemi ni wapi, kwa hiyo rudi aya moja nyuma uone mwandishi alikuwa akieleza sehemu gani.

Maneno mengine yalitoka Ufaransa, ambako usafiri wa anga ulishamiri mapema, na hayo ndiyo yanayodanganya kwa kufanana na Kiingereza. "Célula" ni kiunzi kizima cha ndege bila injini, kwa Kiingereza "airframe". Hiyo ndiyo "cell" yako. "Deriva" ni ule ubao wa wima mkiani, "fin". Lakini katika urambazaji "deriva" ni kusukumwa kando na upepo, "drift". "Carlinga" ni chumba cha rubani, "cockpit". "Reactor" haina uhusiano na nyuklia. Ni injini ya jeti, au ndege ya jeti yenyewe. "Aparato" ni ndege tu, "aircraft". "Tren de aterrizaje" ni magurudumu na miguu yake, "landing gear", na "tren de morro" ni mguu wa puani, "nose gear". "Borde de ataque" ni ukingo wa mbele wa bawa, "leading edge", hakuna shambulio lolote hapo. Ukingo wa nyuma, "borde de salida", ni "trailing edge". "Motor en estrella" ni "radial engine", injini yenye silinda zilizopangwa duara. Na "motor" ya ndege kwa Kiingereza ni "engine" daima.

Kwa upande mwingine, vitabu vya Phantom, Hercules, Orion na Hornet viliandikwa kwanza kwa Kiingereza cha Marekani, Wahispania wakavifasiri. Kwa hiyo unapofasiri habari za ndege hizo hubuni neno, unalirudisha kwao. "Punto duro" ni "hardpoint", mahali bawani pa kuning'iniza silaha. "Depósito lanzable" ni "drop tank". Ukikwama, tafuta mwongozo wa Kiingereza wa ndege hiyo, fungua mchoro wa sehemu hiyo, usome jina lililoandikwa pembeni.

Neno "pértiga" lipe macho yako yote, maana kwenye sura ya doria linaweza kuja kwa sura tatu. Ndege inayotoa mafuta angani kwa bomba gumu: "boom". Ndege inayopokea, yenye kijibomba kinachochomoza puani au ubavuni: "probe", na kikapu kinachoingizwa kijibomba hicho, "cesta", ni "drogue". Na kwenye Orion kuna fimbo ndefu mkiani iliyobeba kipima sumaku cha kugundulia nyambizi: "MAD boom". Jiulize nani anatoa, nani anapokea, au kama habari ni ya nyambizi, na jibu litajitokeza lenyewe.

Vitenzi vya kuruka vinaonekana vyema ndani ya sentensi. Hii nimeitunga kwa ajili ya zoezi, haihusu tukio lolote:

"El punto metió poscombustión, pero el aparato entró en pérdida y después en barrena, el comandante se lanzó a 3.000 m y la célula fue dada de baja."

Programu isiyojua mambo ya ndege inaweza kukupa: "The point put afterburner, but the apparatus entered into loss and then in drill; the commander launched himself at 3.000 m and the cell was discharged." Yaani nukta, hasara na kekee. Twende neno kwa neno. "Punto" katika jeshi la anga la Uhispania ni rubani anayemfuata kiongozi, "wingman". "Poscombustión" ni kuchoma mafuta ya ziada nyuma ya injini ya jeti ili kuongeza msukumo, "afterburner". "Pérdida" ni hali ya bawa kuinuliwa pembe kali mno dhidi ya upepo, hewa ikaachana na uso wake na nguvu ya kuinua ikaanguka, Kiingereza "stall". Injini huenda inanguruma vizuri kabisa wakati huo, kwa hiyo usiandike kwamba injini ilizimika. "Barrena" ni kuanguka huku ndege ikijizungusha, "spin". "Comandante" hapa ni cheo, kwa sababu habari ni ya rubani wa ndege ya kivita, na cheo hicho ni "major". "Dada de baja" ni kufutwa kwenye daftari: baada ya ajali ni "written off", ndege ikizeeka na kustaafishwa ni "withdrawn from service" au "struck off charge". Watu wakiwa "bajas" ni majeruhi na waliokufa, "casualties". Basi:

"The wingman lit the afterburner, but the aircraft stalled and then entered a spin, the major ejected at 3,000 m and the airframe was written off."

Umeona "3.000" imegeuka "3,000"? Tutarudi hapo.

Vyeo na vikosi vinahitaji jedwali lake, na jedwali liwe na safu ya nchi. "Comandante" wa Uhispania ni Meja. Argentina cheo hicho huitwa "mayor". Lakini "comandante de aeronave" si cheo, ni yule anayeongoza ndege safari hiyo hata kama ni Kapteni, na Kiingereza ni "aircraft captain" au "aircraft commander". Uingereza ina vyeo vya anga vya peke yake, ambako Meja ni "Squadron Leader". Usivitumie ila mteja akivitaka. Jeshi la anga la Kenya linatumia Major, Colonel na Brigadier kama jeshi la nchi kavu, hivyo msomaji wa hapa atakuelewa bila shida ukiandika "major". Hatari kubwa iko Argentina: "Brigadier General" ndicho cheo cha juu kabisa cha jeshi lao la anga, ilhali kwa Mmarekani "Brigadier General" ni jenerali wa nyota moja. Kiache kwa Kihispania, kwa herufi za mlazo, na uweke maelezo mafupi chini ya ukurasa. "Comodoro" wa Argentina ni sawa na Kanali. Na "brigada" Uhispania ni cheo cha askari asiye ofisa, ilhali "V Brigada Aérea" ya Argentina ni kikosi chenye kambi yake, "5th Air Brigade".

"Escuadrón" ni "squadron", hilo halina ubishi. "Escuadrilla" katika jeshi la anga ni kundi dogo, "flight". Katika jeshi la wanamaji, la Uhispania na la Argentina pia, "escuadrilla" ni kikosi kamili, "squadron". Ile iliyorusha Super Étendard mwaka 1982, "2ª Escuadrilla Aeronaval de Caza y Ataque", Kiingereza chake ni "2nd Naval Fighter and Attack Squadron". Ukifasiri zote "flight" umelipunguza jeshi zima la maji. "Ala" ikiwa na nambari, kama Ala 12, ni "12th Wing". Ikiwa haina, yaelekea ni bawa. "Ejército del Aire" ni "Air Force", si "Army of the Air", na "Armada" ni "Navy".

Kwenye sura hiyo hiyo ya 1982, mfuasi wa kiongozi haitwi tena "punto". Waargentina husema "numeral", na kiongozi ni "guía". Majina ya mwito ya redioni yaache kama yalivyo. Lipo kundi lililoitwa Vulcano. Ukilifanya "Vulcan" msomaji ataona ndege ya mabomu ya Uingereza, Avro Vulcan, ambayo ilipigana vita hivyo hivyo upande wa pili, na ukurasa wako mzima utakuwa umegeuka juu chini. Kuhusu jina la visiwa vilivyopiganiwa, "Malvinas" au "Falklands", usijiamulie: mwulize mteja kwa maandishi. Ndani ya nukuu na kwenye majina rasmi ya Argentina, Malvinas hubaki.

Nambari sasa. Wahispania huweka nukta kwenye maelfu na mkato kwenye desimali. "1.850 kg" ukiiacha hivyo, kwa Kiingereza bomu la karibu tani mbili limekuwa na uzito usiofika kilo mbili. "Mach 1,8" iwe "Mach 1.8". "CV", kipimo cha nguvu ya injini, si "hp" kamili: CV ni wati 735.5, hp ni wati 745.7, hivyo CV 1,000 ni hp 986. "Kg de empuje" ni nguvu ya msukumo: zidisha kwa 2.2046 upate pauni. Kilo 8,000 ni pauni 17,637, andika "about 17,640 lbf". Ukikuta kimo cha ajabu kama 10.668 m, simama: gawanya kwa 0.3048 utapata futi 35,000 kamili. Mwandishi alibadilisha kutoka futi, nawe irudishe 35,000 ft. "Billón" ni milioni milioni, "trillion" kwa Kiingereza. Ile "billion" ya Kiingereza huandikwa "mil millones". Kwenye bei za ndege kosa hili ni la aibu.

"Autonomía" ikiambatana na saa ni "endurance", ikiambatana na kilomita ni "range". "Radio de acción" ni kwenda na kurudi, "combat radius" au "radius of action". Usiandike "range" hapo, maana utamfanya msomaji aamini ndege inafika nusu tu ya inakoweza kufika.

Kuthibitisha maneno, acha kamusi za kawaida. Viambatisho vya shirika la usafiri wa anga la kimataifa, ICAO, ambalo Kihispania huliita OACI, hutolewa kwa lugha sita, Kihispania na Kiingereza zikiwemo. Namba 8 ni ya ubora wa ndege kuruka, namba 13 ya uchunguzi wa ajali. Tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, EUR-Lex, huonyesha lugha mbili bega kwa bega, na hazina yao ya istilahi ni IATE. EUR-Lex na IATE ni bure. Hizo ni za kiraia, zitakufaa kwa viungo, injini na uendeshaji, si kwa silaha. Kisha kuna njia iliyo karibu nawe: mafundi wa ndege wa uwanja wa Moi hufanya kazi kwa miongozo ya Kiingereza kila siku. Usimpelekee fundi neno la Kihispania. Mpelekee picha, umwoneshe kwa kidole, umwulize: "Hiki kazini mnakiitaje?"

Akikujibu, bado utachagua baina ya Uingereza na Marekani: "undercarriage" au "landing gear", "reheat" au "afterburner", "tailplane" au "horizontal stabilizer". Mteja akinyamaza, fuata asili ya ndege: Hornet na Orion kwa Kimarekani. Lakini kurasa 60 ni kazi moja, na kuchanganya ndani ya sura moja kunaonekana vibaya kuliko kuchagua upande usiopendwa.

Jedwali lako liwe na safu tano: neno la Kihispania, nchi na mwaka, ukurasa, Kiingereza ulichochagua, na ulikothibitishia. Kwa kurasa 60 tarajia maneno kati ya 150 na 250. Yale ambayo safu ya tano imebaki tupu, mpelekee mteja pamoja na swali la Malvinas na la aina ya Kiingereza, katika barua moja, kabla hujafika nusu ya kazi. Ukiyapeleka siku ya kukabidhi, atakujibu baada ya chapa.